Nyanya ataka kurekodiwa, na rekoda Mombasa haipatikani

Shikamoo Somo,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kibokoni pamoja na nyanya yangu mzaa mama. Jambo langu lahusu kifaa kinachoenea kiganjani, lakini limeninyima usingizi, hii ni wiki ya tatu.

Nyanya ana miaka 84. Zamani ndiye aliyekuwa akiongoza vugo katika harusi za mitaa yetu, pembe mkono huu, kijiti mkono huu, na wenzake wakimwitikia. Wenzake wametangulia mbele ya haki. Amebaki mmoja tu, yuko Likoni, naye masikio yamemchoka. Nyimbo nyanya anazo zote kichwani, hakuna aliyeziandika. Mwezi uliopita alikuwa akiniimbia mmoja, akafika katikati akanyamaza. Akanitazama akasema, "Hapa pana ubeti, mwanangu. Umenitoka." Kesho yake ubeti ukamrudia wenyewe alipokuwa akichambua mchicha, akauimba mara tatu mfululizo, kama anayeogopa usitoroke tena. Kisha akaniambia, "Nirekodini kabla sauti haijanikimbia."

Nikajaribu kwa simu yangu. Nyanya akiimba bila kitu yuasikika vyema, lakini akigonga pembe tu sauti yake inazama, halafu inaibuka polepole, kama mtu anayezibwa mdomo na kuachiliwa. Na wimbo mrefu kuliko zote ulikatika njiani kwa kuwa mjomba alipiga simu.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi, aliyesomea mambo ya redio, akaniambia ninachohitaji ni rekoda yenyewe ya kazi hiyo, akanitajia Zoom H1n. Tukachanga. Mimi nikatoa pesa zangu za mchezo, mama na dada zake wakaongeza, zikatimia shilingi 18,000. Pesa ziko kwangu.

Nimezunguka Jumamosi mbili. Nilianza Digo Road, nikapita Haile Selassie, nikateremka Moi Avenue mpaka penye Pembe za Ndovu, nikavuka hadi Nyali. Kila duka nikisema rekoda natolewa kitu kingine. La kwanza walinipa redio ndogo ya kusikilizia Qur'ani. La pili wakanitolea kalamu ya kurekodi, boksi lake halina jina la kampuni wala nchi, limeandikwa GB 128 tu, shilingi 2,500. La tatu hawakuangalia hata kabati, walisema niweke programu kwenye simu. Mzee mmoja wa duka karibu na Marikiti ndiye aliyenipa kiti, akaniambia rekoda aliyouza mwisho ilikuwa ya kaseti. Akileta moja leo, asema, itamkalia kabatini mwaka mzima.

Basi nikaingia mtandaoni. Nimepata ukurasa wa duka linalosema liko Nairobi, una wafuasi zaidi ya 40,000, na H1n mpya ni shilingi 7,500. Kwengine nilikouliza naambiwa 17,000. Nilipomuuliza muuzaji mbona bei rahisi hivyo, alisema wanamaliza mzigo, imebaki moja. Ataka nitume nusu, yaani 3,750, kwa namba yake ya simu, atie rekoda kwenye basi la usiku, asubuhi niichukue Mwembe Tayari na kumaliza nusu ya pili. Amenitumia picha za risiti za mizigo aliyopelekea wateja wengine. Jina linalotokea kwenye M-Pesa si jina la duka. Asema ni la mhasibu wao.

Mama asema tuma, nusu si yote. Kaka asema nisithubutu. Yeye mwaka juzi aliagiza saa ya mkononi akafungua boksi akakuta chaja kuukuu. Nikimsikiliza kaka, nabaki bila rekoda. Nikimsikiliza mama, naogopa nisije nikapoteza pesa za watu. Na kila jioni baada ya Magharibi nyanya ananiuliza, "Ile mashine imekuja?"

Nifanyeje, Somo? Ninunue mtandaoni au niendelee kuzunguka? Na kama ni mtandaoni, nitamjuaje muuzaji mkweli?

Mjukuu, Kibokoni

*

Marahaba mwanangu. Nyanya umsalimie, na umbusie mkono kwa niaba yangu.

Hizo 3,750 usizitume. Nimelitanguliza hilo kwa sababu huenda sasa hivi bwana huyo anakuandikia kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani. Mwache amuuzie huyo.

Mama yako ana nia njema, ila hesabu yake ameipigia upande wenu peke yake. Ipige upande wa pili. Mtu asiye na rekoda akipokea nusu, hiyo nusu kwake ni faida nzima, wala hana haja ya kuingoja ile nyingine. Ndiyo maana anaomba kidogo, kiasi ambacho mtu atajisemea moyoni "nijaribu tu". Akiwapata kumi kwa siku, amekula. Na picha ya risiti ya basi haithibitishi kitu. Risiti husema mzigo ulipokewa ofisini, haisemi ndani ya boksi mna nini, na picha hiyo hiyo moja yaweza kutumiwa watu mia. Mimi simjui mtu huyo na siwezi kuapa kwamba ni tapeli. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia bei isiyofika nusu ya bei ya wenzake, haraka ya "imebaki moja", malipo kwa namba ya mtu binafsi, na jina lisilolingana na la duka. Moja katika hayo lingenifanya niulize maswali. Yote manne kwa pamoja yananitosha.

Wafuasi 40,000 pia wasikutishe. Kurasa huuzwa na kununuliwa, na wafuasi vilevile. Kama ukurasa uko Instagram, fungua sehemu ya maelezo ya akaunti uone ilifunguliwa lini na imebadilisha jina mara ngapi. Facebook nayo huonyesha historia ya majina ya ukurasa. Duka la vifaa ambalo miaka miwili iliyopita lilikuwa likiuza mawigi, au lilikuwa ukurasa wa vichekesho, litakuwa limejieleza lenyewe. Angalia pia kama watu wanaruhusiwa kuandika maoni chini ya picha. Muuzaji aliyefunga maoni, mimi humpita.

Sasa tuje kwa nyanya, maana ndiye anayenishughulisha zaidi ya rekoda. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona kinachokusukuma kumtumia mtu usiyemjua pesa za mama zako ni hofu kwamba ubeti mwingine utatoka usirudi. Hofu hiyo ni ya haki, nami sikwambii uitulize. Nakwambia uifanyie kazi usiku wa leo kwa hiyo simu uliyo nayo, ndipo utakapoweza kutafuta rekoda kwa kichwa kilichopoa.

Sauti inazama kwa sababu simu imeundwa kwa mazungumzo. Ndani yake mna programu inayosawazisha sauti na kupunguza kelele. Pembe ikilia kwa nguvu, simu huidhania kelele, ikateremsha kila kitu pamoja na sauti ya nyanya, kisha ikaanza kupandisha tena. Ndiko huko kuzama na kuibuka ulikosikia. Basi mrekodi mara mbili. Kwanza aimbe bila pembe, taratibu, beti zote, hata kama ni kwa kusemasema tu. Hapo maneno yatakuwa yamehifadhika, na maneno ndiyo yanayotoweka kwanza. Mara ya pili aimbe na pembe yake, ukiweka simu karibu na kinywa na mbali na pembe, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne ili mgongo wa meza usipitishe vishindo. Kabla ya kuanza weka simu kwenye hali ya ndege, na mjomba hataweza kuwakatiza. Kama programu ya kurekodi inakupa nafasi ya kuzima upunguzaji wa kelele, uzime, na ukiona aina ya faili iitwayo WAV, chagua hiyo badala ya MP3, kwa kuwa WAV haibani sauti.

Saa nzuri ni baada ya Isha. Mchana kunguru wetu hawakupi dakika mbili za kimya, na tuktuk ndiyo hivyo tena. Zima pangaboi, funga mlango wa jikoni friji isisikike. Kabla ya kila wimbo muulize aliuimba harusi ya nani, mtaa gani, nani alikuwa akiitikia, na umwache aseme kwa kituo chake. Ukimaliza, nakili faili kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili. Ukimpelekea mama kwa WhatsApp, utume kama faili ya hati, maana WhatsApp hubana ujumbe wa sauti ili uwe mwepesi, na kilichobanwa hakirudi.

Jambo jingine nalisema kama mwanamke kwa mwanamke. Vugo ni ya kina mama, na ndani yake mna maneno yaliyoimbwa wanaume wakiwa hawapo. Muulize nyanya ni zipi anaridhia zisikike na kila mtu na ni zipi za watoto na wajukuu zake wa kike tu. Jibu lake lirekodi pia. Usiweke chochote mtandaoni kabla ya hapo.

Kuhusu maduka, mzee wa karibu na Marikiti amekwambia kweli, nami namheshimu kwa kutokukuuzia usichokitaka. Zamani rekoda ilikuwa kitu cha nyumbani. Simu ilipojifunza kurekodi, mtu wa kawaida akaacha kuinunua, ikabaki zana ya kazi kama misumeno ya fundi. Wewe umeitafuta panapouzwa vitu vya nyumbani. Itafute kwa wale wanaokula kwa kazi yake: maduka yanayouza maiki, spika na mikisa za misikiti, makanisa na kumbi, watu wa studio, watu wa redio, na zaidi ya wote wapiga video za harusi. Usiseme "rekoda", maana kila mtu atafikiria kaseti yake. Taja jina na modeli, na uwaonyeshe picha.

Na hao wapiga video ndio njia ya mkato ambayo nashangaa hakuna aliyekuonyesha. Wengi wana rekoda ndogo, hutumia kunasa sauti wakati wa nikaha na hotuba. Kazi yao ni mwisho wa wiki. Jumatatu mpaka Jumatano kifaa kimelala kwenye begi. Tafuta mmoja anayejulikana kwenu, aliyerekodi harusi ya jamaa, umuombe kukodi kwa siku mbili, umwekee dhamana, na mwandikiane. Akitaka kuja mwenyewe kuitegesha, kama nyanya ameridhia, bora zaidi. Huenda ukagundua kwamba kazi yote ya nyanya ni jioni nne tano, na kununua si lazima. Pia nenda ukawaone RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ipo hapa hapa Mombasa. Waelezee ulicho nacho na uwaombe ushauri wa kuhifadhi. Nyimbo za nyanya yako zimo ndani ya kazi yao hasa.

Ile kalamu ya 2,500 iache dukani. Boksi lisilo na jina la aliyekitengeneza halina wa kumlalamikia, na hiyo "GB 128" yanitia shaka kuliko kitu chochote. Ziko kadi na vifaa vya memori vilivyochezewa ndani vidanganye ukubwa wao. Vina GB chache, vinaiambia kompyuta ni 128. Unarekodi jioni tatu, vinapokea bila kulalamika, na siku ya kufungua unakuta faili zimeharibika. Mtu akipoteza nyimbo za Bongo huzipata tena. Wewe ukipoteza za nyanya, utamwambia aimbe upya kwa pumzi ipi?

Sasa swali lako la mtandaoni. Kununua mtandaoni si kosa, na kwa kitu kama hiki pengine ndiko utakakokipata. Mimi nashika sharti moja tu: pesa isitangulie mbele ya macho. Kifaa kionwe, kiwashwe, ndipo kilipwe. Njia zinazokubali sharti hilo zipo.

Iliyo rahisi kwako ni duka la Nairobi lenye mlango na namba ya jengo, mfano yale ya Luthuli Avenue yanayojulikana kwa vifaa vya elektroniki, na mtu wenu aliyeko huko aende kwa miguu yake. Hakuna ukoo wa Mombasa usio na mtu Nairobi. Piga simu dukani kwanza, uliza modeli na bei, mwambie muuzaji akuchukulie video fupi rekoda ikiwa imewashwa, kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye kifaa mkononi atafanya kwa dakika mbili. Asiye nacho ataleta hadithi. Picha ulizotumiwa zipitishe kwenye Google Lens, uone kama zimetolewa kwenye tovuti ya watu wengine. Kisha mtu wenu akiinunua, kuna treni ya SGR tangu 2017, kuna mabasi, kuna jamaa anayeshuka likizo. Apewe anayeaminika.

Ya pili ni yale masoko makubwa ya mtandaoni yenye vituo vya kuchukulia mizigo hapa mjini. Elewa tu kwamba soko kama Jumia lina wauzaji wengi ndani yake, kila mmoja na tabia yake, kwa hiyo soma jina la muuzaji husika na maoni ya walionunua modeli hiyo hiyo, tena uanze na maoni mabaya. Soma kama bidhaa inakubali kulipwa ikifika, na una siku ngapi za kuirudisha. Muuzaji akikwambia "tutoke nje ya soko, nilipe moja kwa moja nikupunguzie", hapo anakutoa penye ulinzi. Kataa.

Ukinunua kwa mtu binafsi, kilichotumika, kama kwenye tovuti ya matangazo iitwayo Jiji, basi mchana kweupe, mahali penye watu na walinzi, na uende na kaka. Bodaboda akileta mzigo nyumbani, mpatane kabla kwamba utafungua kwanza. Akisema hauruhusiwi kufunguliwa, arudi nao.

Kuagiza nje ya nchi nakutajia kwa kuwa kuna atakayekushauri. Kadi ya Visa ya M-Pesa ipo tangu 2022, kwa hiyo kulipa si taabu. Taabu ni hesabu. Tuseme rekoda ni 12,000 na kuisafirisha 4,000, jumla 16,000. Vifaa vingi vilivyokamilika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, hapo ni 4,000, na VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya 20,000, hiyo ni 3,200. Umefika 23,200, na bado hujalipa ada ya uagizaji, tozo ya reli na gharama za mpokeaji wa mzigo. Pesa zenu ni 18,000. Tena ikiharibika, waranti iko ng'ambo. Kama una ndugu anayekuja kutoka Dubai au Uingereza, mtu wa damu, hiyo ni habari nyingine. Na ukipata ujumbe kwamba mzigo wako umezuiliwa forodhani na utume pesa kwa namba ya mtu, ujue ni wizi. Ushuru wa KRA hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, hauingii kwenye simu ya mtu.

Ukifika kulipa, napendelea Till au Paybill yenye jina la duka, na jina lilingane na lile la kwenye risiti. Till nayo yaweza kuwa ya mwizi, lakini huacha nyayo. Nyayo ndizo zinazotakiwa. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 ipo na inagusa mikataba ya mtandaoni, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kwenda bila wakili. Vyote hivyo vyataka mshtakiwa mwenye jina na anwani. Namba ya "mhasibu" iliyozimwa, utaipelekea hati ya mahakama wapi?

Mwambie kaka na haya, kwa siku nyingine. Namba ya tapeli au ujumbe wake hupelekwa 333 ya Safaricom. Kurudisha pesa uliyotuma kimakosa, ujumbe wa M-Pesa hupelekwa 456, upesi, kwa maana mpokeaji akishaitoa hakuna cha kurudisha. Kisha kituo cha polisi ukaandikishe, upewe namba ya OB, yaani ya daftari la matukio.

Kuhusu kifaa chenyewe, kijana wa kazini kwenu amekushauri vizuri. H1n ilitoka 2018, hutumia betri mbili ndogo za AAA, kwa hiyo stima ikikatika haikuhusu, na ina maiki mbili zilizopishana juu. Hukubali kadi ndogo ya mpaka GB 32. Ukirekodi WAV kwa ubora wa biti 24 na kHz 48, saa moja ni karibu GB 1, basi kadi hiyo yachukua takriban saa 30. Kampuni hiyo ya Zoom ilitoa pia H1essential mwaka 2024, nayo kwa vugo ingekufaa hata zaidi. Inarekodi kwa namna isiyohitaji kupanga kiwango cha sauti, hivyo pembe ikilia ghafla sauti haipasuki, na nyanya akishusha sauti hapotei. Tascam DR-05X ni ya daraja hilo hilo. Ukikuta mojawapo kwa bei unayoimudu, usiishikilie H1n kwa jina tu. Zikizidi 18,000, usikope Fuliza kuziba pengo. Rudi kwa mpiga video.

Siku ya kuipokea nenda na betri zako mbili na kadi yako. Iwashe, sema maneno, sikiliza, zima, washa tena uone kama faili ipo. Soma namba ya kifaa na uhakikishe ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi na kwenye risiti. Kadi inunue duka linalotoa risiti, na kabla ya kuiamini uijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya bure iitwayo H2testw, au F3 kama kompyuta ni Mac. Huijaza kadi yote na kuisoma, na kadi ya uongo huumbuka hapo. Jaribio huchukua muda mrefu. Uliache usiku kucha.

Na hizo 18,000 ni amana. Waandikie mama na dada zake leo, kwenye kundi lenu la familia, kwamba pesa zipo zote, hujanunua, na unatafuta kwa njia hizi. Mmoja wao huenda ndiye mwenye shemeji anayepiga video. Nyanya naye akikuuliza baada ya Magharibi kama mashine imekuja, mwambie ya kuanzia imekuja, na mashine yenyewe inatafutwa. Mkalishe panapo mto wake, weka simu juu ya kanga, na muanze na ule ubeti uliomtoka.

Somo